Upepo ukikata Loiyangalani: kutawanya mitambo kunasaidia mpaka wapi?

Panga Tatu (mleta uzi)

Wakuu, kila ukiibuka mjadala wa umeme wa upepo lazima atokee mtu aseme, "Upepo ukikata huku, kule unavuma, tawanyeni mitambo tu." Kuna ukweli ndani yake, ila una mpaka, na mpaka huo unapimika. Nafungua uzi huu tuuweke kwa namba. Naanza na Kenya kwa sababu ndiyo yenye upepo mwingi kwenye gridi upande wetu huu.

Tuanze na mtambo wenyewe. Nguvu iliyomo kwenye upepo inafuata kipeo cha tatu cha kasi. Upepo ukishuka kutoka mita 10 kwa sekunde hadi 8, kasi imepungua kwa asilimia 20 tu, lakini umeme umeshuka kwa karibu nusu (0.8 × 0.8 × 0.8 = 0.512).

Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 aina ya Vestas V52, kila mmoja kW 850, jumla MW 310. Duara la mapanga lina kipenyo cha mita 52, yaani eneo la mita za mraba 2,124. Ukichukua hewa yenye uzito wa kilo 1.1 kwa mita ya ujazo na ufanisi wa 0.42, upepo wa mita 10 unakupa kama kW 490 kwa mtambo, shamba zima MW 179. Kwa mita 8 unabaki na MW 92. Kwa mita 6, MW 39. Hayo ni ya karatasini, hayajatoa hasara za nyaya wala upepo ambao mitambo ya mbele inawanyang'anya wenzao wa nyuma. Chini ya mita 4 hupati kitu, na ukivuka 25 mtambo unajizima kujilinda.

Sasa angalia ramani. Kenya ina mashamba matatu ya maana: Loiyangalani MW 310, Kipeto kule Kajiado MW 100, na Ngong MW 25.5. Ngong na Kipeto ziko chini ya kilomita 50 kutoka kila moja, kwa hiyo kwa hesabu za hali ya hewa ni karibu kituo kimoja. Na asilimia 71 ya mitambo yote iko sehemu moja. Huo si mtawanyiko.

kitunguu_maji

Si ndiyo hoja yenyewe mkuu? Serikali ijenge mashamba 50 madogo nchi nzima, tatizo kwisha.

Panga Tatu

Hapana, na kuna fomula fupi ya kuonyesha kwa nini. Chukua vituo N vyenye ukubwa sawa na kuyumba sawa. Kama kiwango cha wastani cha kufuatana kati ya kituo na kituo ni r (1 ikiwa vinapanda na kushuka pamoja, 0 ikiwa havijuani), kuyumba kwa jumla ukilinganisha na kituo kimoja ni kipeo cha pili cha:

(1 + (N − 1) × r) ÷ N

Weka namba. Vituo 3 vyenye r ya 0.9: unapata 0.97, yaani umejenga mara tatu na karibu hujatuliza chochote. Vituo 10 vyenye r ya 0.5: 0.74. Vituo 100 vyenye r hiyohiyo: 0.71. Umeongeza vituo 90 ukapata 0.03. Sakafu yake ni mzizi wa r, na hata ukijaza mitambo kila kilima hutashuka chini yake.

Halafu angalia hii. Vituo 2 tu, r ya −0.3: 0.59. Vimewashinda vituo 10 vyenye r ya 0.3, ambavyo vinakupa 0.61. Kwa hiyo idadi ya mashamba ni jambo la pili. La kwanza ni kama upepo wao una chanzo tofauti.

Mzizi wa Mbili

Marekebisho madogo, mkuu. Hapo juu umeandika "kipeo cha pili cha". Ni kipeo cha pili kinyume, yaani mzizi wa hiyo sehemu. Namba zako ziko sawa, maneno ndiyo yameteleza. Mtu akiinakili kama ilivyo, kwa vituo 10 vyenye r ya 0.5 atapata 0.30 badala ya 0.74.

Ughaibuni_Rhein

Huku Ujerumani somo hili limeshalipiwa ada. Mifumo ya mgandamizo mkubwa wa hewa inayotua juu ya Ulaya wakati wa baridi ina upana wa kilomita elfu moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi. Ndani yake upepo unalala, mawingu mazito ya chini yanafunika jua, na hali hiyo inaweza kukaa siku kadhaa. Ujerumani kutoka kaskazini hadi kusini haifiki hata kilomita 900. Yaani nchi nzima inaingia ndani ya mfumo mmoja na nafasi inabaki.

Desemba 12, 2024 bei ya umeme kwenye soko la siku inayofuata ilifika euro 936 kwa megawati-saa, kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Ujerumani ilikuwa na zaidi ya GW 70 za mitambo ya upepo ya nchi kavu na baharini, lakini mitambo bila upepo ni minara tu. Na kebo za umeme za kwenda nchi jirani hazikuondoa tatizo, zililisambaza: bei kusini mwa Norway na kusini mwa Sweden zilipanda pia, na wanasiasa wa kule walilalamika hadharani.

Kuna utafiti wa 2020 wa upepo wa nchi kavu wa Ujerumani uliokuta kwamba karibu kila mwaka kuna kipindi cha siku tano mfululizo ambacho wastani wa uzalishaji uko chini ya asilimia 10 ya uwezo. Kila miaka kumi, karibu siku nane. Piga hesabu ya betri: upungufu wa GW 20 kwa saa 120 ni GWh 2,400. Mabwawa yote ya Ujerumani ya kupandisha maji mlimani na kuyashusha yanahifadhi kama GWh 40.

kitunguu_maji

Duh. Mara sitini.

Ughaibuni_Rhein

Ndiyo. Na 2021 ilikuwa mbaya kwa namna nyingine: haikuwa wiki, ilikuwa miezi. Uingereza, Ireland, Denmark, Ujerumani zote zilipata mwaka wenye upepo hafifu kwa wakati mmoja. Kampuni ya SSE ilitangaza kwamba kati ya Aprili na Septemba umeme wake wa nishati jadidifu ulikuwa pungufu kwa asilimia 32 ya ilivyopanga.

Watafiti wa Zurich walionyesha mwaka 2017 kwamba Ulaya ingeweza kujisaidia kwa kujenga zaidi maeneo ya Balkani na kaskazini ya mbali ya Skandinavia, kwa sababu mgandamizo mkubwa ukikaa juu ya Bahari ya Kaskazini, kule pembezoni upepo huwa unapata nguvu. Lakini wawekezaji wanajenga penye wastani mkubwa wa mwaka, si penye upepo unaokuja wakati wengine wamekosa. Mkataba ukilipa kwa kila kilowati-saa bila kujali saa wala siku, nani atakwenda Balkani?

Mzee wa Masafa

Nina neno kuhusu Kenya kabla watu hawajachanganya mafaili mawili. Upepo kukata ni jambo moja, shamba la upepo kuchomoka kwenye gridi ni jingine kabisa.

Agosti 25, 2023 Kenya iliingia giza. Shamba la Loiyangalani lilikuwa linatoa MW 270, karibu asilimia 15 ya umeme wa nchi wakati ule. Wenye shamba walisema volti kwenye gridi ilipanda kupita kiasi na mitambo ikajizima kujilinda. Pande mbili zilivutana kuhusu chanzo, mimi siingii huko. Ninachotaka muone ni kasi ya tukio. Gridi yenye mashine zinazozunguka za MW 2,000, hali ya ukaidi wa mzunguko (inertia, yaani nguvu ya mzunguko inayozifanya mashine zisipungue kasi ghafla) sekunde 4, ikipoteza MW 270 kwa mpigo:

270 × 50 ÷ (2 × 4 × 2,000) = Hz 0.84 kwa sekunde

Kutoka Hz 50 hadi 49, ambapo kwenye gridi nyingi relei za kukata mzigo (swichi za kujiendesha zinazozimia wateja umeme kuokoa gridi) zinaanza kuamka, ni kama sekunde 1.2. Hakuna mhudumu wa chumba cha udhibiti anayewahi hilo. Upepo wenyewe hauwezi kufanya hivyo: mitambo 365 imetapakaa, pigo la upepo linawafikia kwa zamu, na kushuka kwa kweli huchukua dakika kadhaa hadi saa. Akiba ya maji inawahi.

Ila kuna pale mambo mawili yanapokutana, na watu wengi hawapaangalii. Laini ya Loiyangalani hadi kituo cha umeme cha Suswa ni kV 400, ina urefu wa zaidi ya kilomita 400. Laini ndefu ikiwa karibu tupu inajifanya kapasita: kwa volti hiyo inazalisha kama MVAr 0.5 hadi 0.7 kwa kilomita (MVAr ni kipimo cha nguvu isiyofanya kazi ila inayopandisha au kushusha volti), yaani zaidi ya MVAr 200 kwa saketi moja. Ikiwa na mzigo mkubwa, laini inajilia yenyewe hizo MVAr. Upepo ukilala mchana, mzigo unashuka, MVAr zinabaki hazina mlaji, na volti upande wa mbali inapanda. Hapo unahitaji riakta (koili kubwa) za kuzinyonya, au ufungue saketi moja kama ziko mbili. Riakta moja ikiwa kwenye matengenezo siku ya upepo hafifu, umekaa pabaya. Kwa hiyo upepo kidogo unaleta upungufu wa umeme Nairobi na, wakati huohuo, volti ya ziada kaskazini.

Mto Athi

Na sisi Kenya shida yetu ya kila siku si upepo kukosa, ni upepo kuja saa isiyo yake.

Upepo wa Turkana ni mkondo wa kasi unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Ulielezwa kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Una nguvu zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, saa 9 usiku mpaka saa 12 asubuhi hivi. Jua likipanda, ardhi inapashika, hewa ya chini inachanganyika na ya juu, mkondo unapoteza umbo lake. Alasiri ndiyo hafifu zaidi. Jioni unaanza kujikusanya tena.

Linganisha na matumizi. Kilele cha Kenya ni kati ya saa 1 na saa 4 usiku, na mwaka 2025 kilivuka MW 2,300. Saa 9 usiku matumizi yanashuka hadi karibu nusu ya hapo. Chukua mfano: matumizi MW 1,200, jotoardhi ya Olkaria na wenzake MW 850, umeme wa maji usiozimika na umeme wa Ethiopia MW 200, upepo MW 300. Jumla 1,350. MW 150 hazina pa kwenda. Ama mitambo ya upepo inaamriwa ipunguze, ama visima vya jotoardhi vinamwaga mvuke hewani. Asubuhi watu wanawasha hita na viwanda vinaanza, ndipo mkondo unapolegea. Stima inatakiwa ipande huku upepo unashuka.

Kinachobeba hayo mabadiliko ni mabwawa ya Tana. Gitaru ina MW 225, Kiambere MW 168, na yote yanategemea maji ya Masinga. Maji yakiwepo, ni breki na eksileta nzuri sana. Masinga ikishuka, unawasha dizeli.

Dau la Kipumbwi

Mmezungumzia saa na siku, hamjagusa msimu. Pwani na bara yote ya mashariki inaendeshwa na pepo mbili. Kusi inaingia Aprili au Mei na inakaza Juni hadi Agosti. Kaskazi inakuja mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Katikati kuna tangambili, wiki ambazo upepo haujui uende wapi. Hapa hakuna mgandamizo wa kutua siku nane kama Ulaya, lakini pepo hizi ni pana kuliko gridi zetu zote zikiunganishwa. Kusi ikichelewa, imechelewa Lindi, Singida na Pwani ya Kenya kwa pamoja. Kuyumba kwa dakika hadi saa kunafutika ukitenganisha mashamba kwa kilomita mia moja au mia mbili. Kwa siku, kwa latitudo za Ulaya, kufuatana kunashuka hadi theluthi hivi kwenye kilomita 400 hadi 600. Msimu haufutiki kwa kilomita. Unafutika kwa chanzo kingine cha nishati.

Cha kushukuru ni kwamba mkondo wa Turkana unakaza hewa ikiwa kavu na unalegea mvua zikishika. Kwa hiyo mwaka wa ukame, mabwawa yakiwa chini, upepo huwa hauko chini nayo. Nadra kupata ndoa ya namna hiyo.

Singida Juu

Kwa Tanzania hadi sasa upepo kwenye gridi ni mdogo mno, Mwenga kule Mufindi ina MW 2.4, mitambo mitatu. Singida imekuwa ikizungumzwa miaka mingi. Lakini kutoka Singida hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 800, na chanzo cha upepo ni tofauti: kule ni mkondo uliobanwa na milima, huku ni pepo za kusini-mashariki zinazopanda uwanda. Laini ya kV 400 ya Isinya hadi Singida imeshaunganisha nchi mbili tangu mwisho wa 2024. Ya Ethiopia hadi Suswa, kilomita 1,045 za umeme wa moja kwa moja, inaweza kubeba MW 2,000.

Kwa maoni yangu laini hizo zina faida kubwa zaidi kwa kuunganisha upepo na maji kuliko upepo na upepo. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9 za MW 235. Turkana ikimwaga MW 150 saa 9 usiku, Rufiji inapunguza MW 150, maji yanabaki bwawani, jioni yanarudishwa. Kinachokwamisha ni mikataba zaidi ya waya: lazima mpatane bei ya umeme wa saa 9 usiku ambao mwenzako hauhitaji, na nani analipa hasara za njiani.

Nusu Kilowati

Naomba mtu anieleze jinsi ya kupiga hesabu hii mwenyewe. Nina kompyuta ya kawaida.

Panga Tatu

Inatosha. Data ya ERA5 ya kituo cha Ulaya cha utabiri ni ya bure, kila saa, kuanzia 1940, vipande vya nyuzi 0.25 (kama kilomita 28 kwetu ikweta). Chukua upepo wa kimo cha mita 100, sehemu zake mbili u (magharibi-mashariki) na v (kusini-kaskazini), miaka isiyopungua 10. Mwaka mmoja haukuambii kitu kuhusu tangambili mbaya.

Kasi ni mzizi wa u² + v². Ifanye kila saa kabla ya kutafuta wastani wowote. Ukiweka wastani wa kasi wa mwezi kwenye fomula ya kipeo cha tatu unapata namba ndogo kuliko ukweli, na kuyumba kote kumepotea. Kisha shusha hadi kimo cha mtambo: kasi × (kimo ÷ 100) kwa kipeo cha 0.14 kwenye uwanda ulio wazi. Rekebisha uzito wa hewa. Ngong iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa huko ni kama kilo 0.93, pungufu kwa karibu robo ya ile ya 1.225 iliyochapwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Pitisha kwenye jedwali la mtambo wako, usitumie fomula tupu, kwa sababu juu ya kasi ya kilele umeme hauongezeki tena.

Makosa ninayoyaona sana ni mawili. Kwanza, ERA5 inalainisha milima, kwa hiyo mkondo wa Turkana unatoka hafifu kuliko ulivyo. Usiutumie kusema shamba litatoa MW ngapi bila vipimo vya mnara, utumie kulinganisha kituo na kituo. Pili ni saa. Data iko kwa saa za UTC. Ongeza 3, kisha ndipo uhesabu Kiswahili: 03:00 ya UTC ni 06:00 ya huku, yaani saa 12 asubuhi. Kuna watu wanaisoma saa 3 usiku, wanahitimisha kwamba Turkana inakaza wakati wa kilele cha matumizi.

Nusu Kilowati

Nikishapata r, chini ya ngapi ndiyo nzuri?

Mto Athi

r ya mwaka mzima itakudanganya. Inaweza kuwa 0.2 kwa sababu kituo kimoja kinavuma usiku na kingine mchana, halafu wakati wa kilele vyote viwili vimelala. Chuja saa 1 hadi saa 4 usiku peke yake. Jumlisha vituo vyote kwa kila saa, panga kutoka chini kwenda juu, angalia thamani ya asilimia 5 ya chini kabisa. Hiyo ndiyo MW unayoweza kumwahidi mpanga gridi. Kisha ongeza kituo unachopendekeza urudie: kama thamani ile haijasogea, kituo kimeleta umeme lakini hakijapunguza dizeli hata mashine moja.

Mzee wa Masafa

Na ufanye hivyo tena kwa tofauti ya saa na saa iliyotangulia, siyo kwa kiwango pekee. Mshuko mkubwa zaidi kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi ndio unaokuambia Gitaru iachiwe nafasi kiasi gani ya kupanda.